Kipimo Kilicho Chini ya Jiwe: Shaba, Risasi na Uhai wa Mito ya Meru na Embu

Inama ukingoni mwa Mto Rupingazi kule juu, unakotoka katika msitu wa Mlima Kenya kabla haujaingia kwenye mashamba ya chai na kahawa ya Embu. Chukua jiwe lenye ukubwa wa kiganja, uligeuze taratibu. Upande wake wa chini, maji yakiwa bado mazima, utakuta mdudu bapa amejibana kwenye jiwe, miguu ameitanua, mikia yake mitatu imenyooka nyuma. Mtazame vizuri: ubavuni mwake kuna vijani vidogo vinavyopepea bila kutulia. Hayo ni matamvua, na kwa hayo anapumua.

Wataalamu humweka mdudu huyu katika oda ya Efemeroptera. Akikomaa hutoka majini na mabawa, huishi saa chache au siku chache, hutaga mayai na kufa. Maisha yake mengine yote, wiki nyingi au hata miezi, huyapitisha miongoni mwa mawe ya mtoni akikwangua na kula utelezi wa mwani uliotanda juu yake. Hana pa kukimbilia. Kila kilichopita mtoni katika muda huo kimempitia na yeye.

Ukimwelewa mdudu huyu, umeelewa kasoro kubwa ya namna tunavyopima maji yetu. Viwango vingi tunavyovitegemea vimepimwa kwa kikombe cha binadamu: je, mtu akinywa ataugua? Swali hilo ni la lazima, lakini jibu lake haliulindi mto. Maji yanaweza kufaulu mtihani wa maabara huku mto wenyewe ukipoteza uhai wake jiwe kwa jiwe.

Shaba haiozi

Tukisikia uchafuzi wa metali, mawazo huenda kwenye migodi na viwanda. Tunaikumbuka zebaki ya wachimbaji dhahabu wa Migori, au kiwanda cha kuyeyusha betri cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako sumu ya risasi iliwadhuru wakazi hadi mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Meru na Embu hazina mkasa wa namna hiyo, wala mkosaji mmoja wa kunyooshewa kidole. Zina maelfu ya mashamba madogo yanayoteremka hadi mtoni, na miji inayokua kwa kasi.

Tuanze na kahawa. Serikali ya kikoloni ilipowaruhusu Waafrika wa Kenya kulima kahawa katika miaka ya 1930, ilianza na Kisii, Embu na Meru. Zao hilo lilijenga shule na nyumba, na bado linasomesha watoto. Lakini tangu mwanzo lilikuja na maradhi yake. Chulebuni, ugonjwa unaooza buni changa mtini, ulishaonekana nchini mwaka 1922, na kutu ya majani nayo haikuwa mbali. Aina tamu zilizoijengea kahawa ya Kenya jina duniani, SL28 na SL34, haziwezi kuyastahimili maradhi hayo bila dawa. Kwa vizazi kadhaa dawa kuu imekuwa shaba, ambayo wakulima wengi huiita kopa tu, hunyunyiziwa mara kwa mara kulingana na misimu ya mvua.

Shaba ni metali. Haiozi, haichomwi na jua, haigeuki kuwa kitu kingine kama zifanyavyo dawa nyingi za viwandani. Mwaka 1984 watafiti Lepp na Dickinson, pamoja na mwenzao, walichapisha matokeo ya kupima shaba katika udongo, majani yaliyoanguka na miti ya mashamba ya kahawa ya Kenya yenye umri tofauti, likiwamo moja la miaka 68. Walionyesha jambo ambalo mkulima yeyote angelitarajia akilitafakari: dawa ya kila mwaka hujilimbikiza ardhini. Haba na haba hujaza kibaba, hata kiwe kibaba cha sumu.

Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya na Nyambene hushika shaba vizuri, kwa sababu una mfinyanzi na oksidi nyingi za chuma. Hilo ni jema, ila lina sharti: udongo ubaki shambani. Mvua kubwa za Machi hadi Mei, au za Oktoba hadi Desemba, zikipiga shamba lisilo na matuta, udongo huo unaingia mtoni na shaba yake. Mto unapobadilika rangi kuwa kama chai ya maziwa, si tope tupu linalopita.

Kuna njia nyingine fupi zaidi, nayo inahitaji hesabu ndogo. Tuchukue pampu ya mgongoni ya lita 20 iliyotiwa gramu 100 za dawa ambayo nusu yake ni shaba. Kazi ikiisha, lita 1 imebaki, na mkulima anaenda kuisuuzia pampu mtoni kwa sababu maji yako hapo. Ndani ya lita hiyo mna gramu 2.5 za shaba. Kwa kiwango cha mikrogramu 9 kwa lita, ambacho nitakieleza hapa chini, zinahitajika takriban lita 278,000 za maji safi kuizimua. Kijito kinachopitisha lita 10 kwa sekunde wakati wa kiangazi kingehitaji zaidi ya saa saba na nusu kuleta maji hayo. Ni kweli si shaba yote itakayoyeyuka. Nyingine itashikwa na tope na kutua. Lakini hiyo ni lita 1, ya pampu 1, ya mkulima 1, kwenye mto wenye majirani mamia.

Mijini vyanzo ni vingine. Mto Kathita unapita Meru, na Rupingazi unapita Embu. Huko kuna gereji, mafundi wa kuchomelea, wachaji wa betri, na magari yanayooshwa kando ya maji. Mabati na matairi hutoa zinki kila mvua inyeshapo. Betri kuukuu na rangi za zamani zina risasi. Petroli yenye risasi iliondolewa sokoni mwaka 2006, lakini vumbi lake la miongo mingi lilitua kandokando ya barabara, na risasi haina haraka ya kuondoka. Mbolea za fosfeti nazo huja na kadimiamu kidogo kutoka kwenye miamba zinakochimbwa.

Mito hii haiishii kwetu. Rupingazi huingia Thiba, na Thiba huingia bwawa la Kamburu. Kathita, Mutonga, Thuci na Ena nazo mwisho wake ni Tana. Kinachooshwa kwenye mteremko wa Runyenjes au Imenti ni mzigo wa watu wa chini.

Metali humfanya nini mdudu

Mdudu wa maji yasiyo na chumvi ana kazi moja isiyokoma: kuzuia chumvi za mwili wake zisimtoroke kwenda majini, na kunyonya nyingine kupitia matamvua. Shaba huzuia unyonyaji wa sodiamu. Zinki na kadimiamu huingilia njia ya kalsiamu. Mdudu hafi palepale kama samaki aliyetiwa sumu. Hudhoofika, hukua polepole, huachia jiwe na kusombwa na maji, au hufika utu uzima akiwa mdogo na mayai machache. Mwaka unaofuata hakuna aliyerudi, na hakuna aliyeona maiti hata moja.

Si viumbe wote wanaoumia sawa. Wale bapa wa familia ya Heptageniidae, niliowataja mwanzo, huwa miongoni mwa wa kwanza kutoweka. Konokono nao ni wanyonge mbele ya shaba, na hili madaktari walilijua zamani: kabla ya dawa za kisasa, salfeti ya shaba ilitumika sehemu nyingi za Afrika kuwaua konokono wanaoeneza kichocho. Baadhi ya wadudu wa Trikoptera wanaosuka nyavu ndogo katikati ya mawe huvumilia zaidi. Mabuu membamba ya familia ya Chironomidae huendelea kuishi pale ambapo wengine wameshindwa. Kwa hiyo mto wenye metali huenda usiwe mtupu. Unaweza kujaa wadudu, lakini wa aina chache, wale sugu.

Ushahidi mzito zaidi umetoka mbali, katika milima ya Colorado, Marekani. Mto Arkansas ulipokea maji ya migodi ya zamani karibu na mji wa Leadville kwa zaidi ya karne moja. Mwanaikolojia William Clements wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado na wenzake wamefuatilia wadudu wake kwa miongo kadhaa. Mitambo ya kusafisha maji ya migodi ilipoanza kazi mwaka 1992, zinki ilipungua na uhai ukaanza kurejea, ingawa wale wanyonge zaidi walichelewa.

Watafiti hao waliona pia jambo la kutia wasiwasi. Walipoweka jamii nzima za wadudu wa mtoni ndani ya vijito vya kutengeneza na kuzitia metali kidogo kidogo, baadhi ya Efemeroptera walipungua hata kwenye viwango ambavyo sheria iliviona salama. Vipimo vya kawaida vya maabara huchukua aina moja ya kiumbe, na akiwa mdudu wa mtoni mara nyingi aliyekwisha kukua, na kumweka kwenye maji yenye sumu kwa siku 2 hadi 4. Mtoni mambo hayaendi hivyo. Kuna wachanga walio dhaifu kuliko wakubwa, na siku ni nyingi. Tena sumu haiji kwa maji tu, huja kwa chakula: mwani hukusanya metali, na anayekwangua mwani huila kila siku. Kipimo kinachomwacha mdudu bila mlo wake wa kawaida kimeacha nje mlango mkubwa wa sumu.

Kikombe cha nani?

Sasa tuviweke viwango mezani. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, na hesabu zote hapa ni kwa lita moja ya maji.

Shirika la Afya Duniani linaona shaba isiyozidi mikrogramu 2,000 haina madhara katika maji ya kunywa. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za 2006, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999, ziliweka mikrogramu 50 kwa vyanzo vya maji ya nyumbani, na zikaruhusu hadi 1,000 katika maji taka yanayomwagwa kwenye mazingira. Marekani, kwa fomula iliyoitumia miaka mingi kulinda viumbe wa majini dhidi ya sumu ya muda mrefu, hupata takriban mikrogramu 9 kwa maji yenye ugumu wa miligramu 100 za kalsiamu kaboneti. Ugumu ukishuka hadi 50, kiwango hushuka hadi karibu 5.

Zinki nayo: kanuni zetu za 2006 ziliweka 1,500 kwa vyanzo vya maji ya nyumbani, ilhali kwa viumbe wa majini kiwango cha Marekani ni kama 120 kwa ugumu wa 100. Risasi: kanuni hizo ziliweka 50, Shirika la Afya Duniani 10, na kwa viumbe wa majini kwa muda mrefu, 2.5.

Tarakimu hizo zinasema jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kwa shaba, binadamu ana nguvu kuliko mdudu mara mia kadhaa. Mtu huihitaji shaba mwilini na ini lake huiondoa inayozidi. Tunutu mwenye uzito wa punje ya mchele hana ini la namna hiyo. Maji yenye mikrogramu 50 za shaba ni maji mazuri ya kupikia ugali, na ni sumu kwa mdudu wa chini ya jiwe.

Ugumu wa maji unastahili kutazamwa kwa makini zaidi katika Meru na Embu kuliko pengi. Maji yakiwa na kalsiamu na magnesiamu nyingi, chumvi hizo hushindana na metali kwenye matamvua na kumkinga mdudu. Mito inayoshuka Mlima Kenya hupita kwenye miamba ya volkano na haichukui kalsiamu nyingi. Maji yake ni laini, sabuni hutoa povu kwa urahisi. Wakazi hulifurahia hilo, lakini kwa mdudu maana yake ni kinga ndogo. Kiwango kimoja cha nchi nzima, kisichouliza maji ni laini au ni magumu, hukosea zaidi pale pale ambapo mito ni mizuri zaidi.

Kuna kasoro nyingine mbili. Kwanza, viwango hupima kila metali peke yake, lakini mtoni huja pamoja. Shaba nusu ya kiwango, zinki nusu, kadimiamu nusu: kila moja imefaulu, lakini mdudu amebeba mizigo yote mitatu. Pili, chupa ya maji huchotwa siku moja. Afisa akifika Agosti, mto ukiwa mwembamba na mweupe, hatakuta shaba iliyopita Aprili na gharika la kwanza. Mdudu alikuwepo Aprili.

Kinachouma ni kwamba nia ya sheria si hiyo. Sheria ya Maji ya 2016 inazungumzia akiba ya mto: kiasi na ubora wa maji vinavyohitajika kutosheleza mahitaji ya msingi ya watu na kulinda mfumo ikolojia wa majini. Katiba ya 2010, Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Lakini majedwali ya 2006 yaliyagawa maji kulingana na kazi yake kwa mtu: ya nyumbani, ya kumwagilia, ya burudani, na maji taka. Mto kama makao ya viumbe haukupata safu yake. Sheria imeahidi, kipimo hakijaifuata.

Pingamizi la haki

Mtu anayeijua mito hii atasema: tatizo letu kubwa si metali. Ni tope, ni majitaka, ni maganda ya kahawa, ni mabomba yanayonyonya mto hadi ukauke kabla haujafika Tharaka au Mbeere. Anasema kweli, na yeyote anayetaka kuilinda mito lazima aanze kwa kulikubali hilo.

Lakini ndiyo sababu wadudu wanafaa kuliko chupa. Kila dhara huacha alama yake. Maji ya kiwanda cha kahawa humaliza oksijeni, na hapo minyoo na mabuu mekundu huongezeka. Kilomita kadhaa mbele, mto ukishavuta pumzi, wengine huanza kurudi. Tope huziba nafasi katikati ya mawe. Metali huwaondoa Heptageniidae na konokono hata pale ambapo maji ni maangavu na oksijeni ni tele, na tope lake likishatua hubaki miaka. Ukigeuza mawe juu ya mji na chini ya mji, juu ya kiwanda na chini ya kiwanda, unaanza kuona nani anadai nini. Kisha unapeleka maabara sampuli ya tope la mahali palipotia shaka, badala ya kupima kila kitu kila mahali kwa fedha ambazo kaunti haina.

Njia ya kufanya hivyo ipo na haitoki mbali. Afrika Kusini hutumia mfumo wa SASS, ambao toleo lake la tano lilichapishwa mwaka 2002. Unahitaji wavu, sinia nyeupe, na jicho lililofundishwa. Kila familia ya wadudu ina alama kati ya 1 na 15: minyoo 1, Chironomidae 2, Heptageniidae 13. Unajumlisha, unagawanya kwa idadi ya familia, na mto umepata cheti chake. Tanzania iliutohoa na kupata mfumo wake, TARISS, mwaka 2015. Alama hizo zilibuniwa hasa kwa uchafu wa kuoza, kwa hiyo kwa metali haitoshi kusoma wastani. Lazima usome majina ya waliokosekana. Ulaya nayo, tangu Maelekezo yake ya Maji ya 2000, huhesabu wadudu wa sakafu ya mto katika kuamua kama mto ni mzima.

La kufanya

Embu ni makao ya ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji inayosimamia bonde la Tana. Vyama vya watumiaji wa maji viko tayari mtoni, kile cha Kapingazi kikiwa mfano unaojulikana. Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru viko hatua chache tu kutoka kwenye mito hii. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, pale Nchiru wana sauti inayosikika pale ambapo barua ya serikali haisomwi. Vipande vyote vipo. Vinahitaji kuunganishwa kwa kazi moja ya kudumu: kugeuza mawe mara mbili kwa mwaka, baada ya kila msimu wa mvua, katika vituo vilevile, na kuandika.

Viwango navyo vinahitaji safu ya viumbe wa majini, inayozingatia ugumu wa maji na kujumlisha metali zikiwa pamoja.

Shambani, hakuna haja ya kumlaumu mkulima anayelinda kahawa yake. Ruiru 11, iliyotolewa katikati ya miaka ya 1980, na Batian ya mwaka 2010 huistahimili chulebuni na kutu, na zinapunguza sana haja ya kopa. Hata miti ya zamani inaweza kubebeshwa vikonyo vya aina hizo. Sheria tayari inataka ukingo wa mita 6 hadi 30 uachwe bila kuguswa. Nyasi na miti ya ukingo huo ndiyo chujio la bei nafuu kuliko yote tunayoweza kujenga.

Nawe msomaji unayelima kando ya kijito, jambo lako ni dogo na linaanza leo: usiisuuzie pampu mtoni. Chota maji kwa ndoo, suuza mbali na ukingo, na mabaki uyanyunyize juu ya kahawa uliyokuwa ukiitibu. Kisha shuka mtoni, geuza jiwe moja, umwonyeshe mtoto wako kilichopo. Msipokuta kitu, ripoti ya mto wenu mmekwisha kuisoma.